Cheti cha Mkono na Daraja la Kiungo: Mjadala wa Uchomeleaji kati ya Mbinga na Mwambao wa Nyasa

Hoja inayojadiliwa

Uchumi wa Mbinga na wa wilaya jirani ya Nyasa, iliyomegwa kutoka humo mwanzoni mwa muongo wa 2010, husimuliwa zaidi kwa kahawa, samaki na makaa ya mawe, ilhali kila kimojawapo hutegemea vyuma vilivyounganishwa kwa moto. Matela yanayobeba makaa ya Ngaka kutoka Ntunduwaro, matenki ya maji na ya mafuta, mashine za kumenyea kahawa katika vijiji vya Umatengo, mapaa ya shule na meli za mizigo zinazopita mbele ya Liuli na Mbamba Bay, vyote vimeshikamana kwa kuchomelewa. Tangu mwaka 2018, umeme wa gridi ya taifa ulipofika Songea kwa njia ya msongo wa kilovolti 220 kutoka Makambako, na mkoa wa Ruvuma ukaacha kwa sehemu kubwa kutegemea jenereta za dizeli, kazi ya kuchomelea imekuwa rahisi kuianza kuliko zamani, kwa kuwa kijana mwenye mashine, grenda na miwani myeusi anaweza kufungua karakana kando ya barabara bila kuulizwa amejifunzia wapi.

Kuchomelea ni kuunganisha vipande vya chuma kwa kuyeyusha kingo zake pamoja na chuma cha ziada kitokacho kwenye elektrodi, yaani kijiti chenye ganda kinachoyeyushwa na joto la umeme, hadi kingo hizo zipoe zikiwa kitu kimoja. Mstari unaobaki huitwa mshono. Ubora wa mshono haujulikani kwa urahisi kama ubora wa ribiti, yaani pini ya chuma inayogongwa ili kuunganisha mabamba, kwani ribiti iliyolegea hugongwa kwa nyundo ikajulikana kwa mlio wake, lakini mshono unaweza kung'aa juu huku chini yake chuma hakijashikana. Meli ya Wajerumani iliyoitwa Hermann von Wissmann, iliyoletwa Nyasa vipande vipande katika miaka ya 1890 na kushambuliwa na meli ya Waingereza Gwendolen mwezi Agosti 1914 huko Sphinxhafen, ambako leo ni Liuli, ilikuwa ya zama za ribiti. MV Ruvuma na MV Njombe, zenye uwezo wa kubeba tani 1,000 kila moja, zilizoundwa Itungi wilayani Kyela na kukamilika mwaka 2017, pamoja na MV Mbeya II ya abiria 200 na tani 200 za mizigo, iliyozinduliwa Januari 2021, ni za zama za mshono, na kwa hiyo zinamhitaji mtu wa kuthibitisha kile ambacho jicho la abiria haliwezi kukiona.

Hoja iliyowekwa mezani ni kwamba mtu yeyote asiruhusiwe kuchomelea chuma kinachobeba watu au mzigo mzito mpaka awe na cheti cha uchomeleaji kilichotolewa baada ya jaribio. Sauti nne zinaijadili: Mkaguzi, ambaye kazi yake ni kupima kazi za wengine, Fundi, mwenye karakana Mbinga mjini, Mwalimu wa ufundi stadi, na Tajiri, jina ambalo madereva na mafundi humwita mwenye gari au mwenye chombo. Sauti hizo si za watu fulani, bali ni misimamo inayosikika kila ambapo kazi hii inafanyika, na imepewa midomo ili kila mmoja ujibiwe na mwenzake.

Mkaguzi: mshono usioaminika bila ushahidi

Mkaguzi anaiunga mkono hoja bila masharti. Anaeleza kwamba kasoro za mshono zina majina na vipimo, na kwamba kuzizungumzia kwa maneno kama "imeshika" au "imekubali" ni kuacha usalama wa watu mikononi mwa bahati. Ipo kasoro ya mkato wa ukingo, ambapo moto hula chuma cha asili pembezoni mwa mshono na kuacha mfereji mwembamba. Vipo vitundu vya gesi iliyonaswa chuma kilipoganda. Ipo slagi, yaani taka ya ganda la elektrodi iliyofunikwa ndani. Ipo hali ya chuma kutoyeyukiana, ambapo chuma kipya kimelala juu ya cha zamani bila kuungana nacho. Na upo ufa, ambao ni mbaya kuliko zote kwa sababu hukua kila mzigo unaporudiwa.

Kiwango cha kimataifa ISO 5817, anaendelea, hupanga ubora wa mishono ya chuma katika madaraja matatu, B, C na D, ambapo B ndilo kali kuliko yote. Katika bamba lenye unene unaozidi milimita 3, mkato wa ukingo unaoendelea hauruhusiwi kuzidi nusu milimita katika madaraja ya B na C, na katika daraja la D hauruhusiwi kuzidi milimita moja, huku bamba likiwa jembamba kikomo kikipungua kwa kadiri ya unene wake. Kuhusu ufa hakuna nafuu ya daraja, kwani ufa wa kawaida haukubaliki hata katika D.

"Mzee Fundi," anasema Mkaguzi, "hakuna anayedharau miaka uliyokaa na mashine, lakini tani 30 za makaa zikiwa mteremkoni hazitauliza miaka hiyo. Zitauliza kama chuma kimeyeyukiana."

Anaongeza kuwa nchi haina upungufu wa vyombo vya kusimamia jambo hili. Shirika la Viwango Tanzania lipo tangu sheria ya mwaka 1975. Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, linalojulikana kama TASAC, liliundwa kwa sheria ya mwaka 2017 na husimamia usalama wa vyombo vya majini, vya ziwani vikiwemo. Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, yaani OSHA, hukagua mitambo ya shinikizo kama vile boila na mitungi ya hewa. Na Tume ya Nguvu za Atomiki hutoa leseni kwa anayetumia vyanzo vya mionzi, vikiwemo vile vinavyotumika kupiga picha ya ndani ya mshono. Kwa maoni yake, kinachokosekana ni sharti moja tu, kwamba mkono unaowasha moto uwe umepimwa kabla ya kuuwasha.

Fundi: cheti hakichomelei

Fundi anaipinga hoja, lakini si kwa kukataa kupimwa. Pingamizi lake la kwanza ni kwamba jaribio la cheti hufanyika katika mazingira ambayo Mbinga hayapo. Mtahiniwa hupewa bamba jipya, safi, lenye aina ya chuma inayojulikana, kingo zake zikiwa zimesagwa kwa pembe sahihi, na umeme usioyumba. Lakini kazi inayoingia karakanani ni chasi yenye kutu, iliyopakwa rangi mara tatu, iliyochomelewa na mafundi wengine kabla yake, na ambayo hakuna anayejua ni chuma cha aina gani. Jioni umeme hupungua nguvu kwa sababu majiko na karakana zote zimewashwa pamoja, na moto wa elektrodi hudhoofika katikati ya mshono. Aliyefaulu kwenye bamba safi hajathibitisha lolote kuhusu chasi hiyo.

Pingamizi lake la pili linahusu elektrodi zenyewe. Katika maduka ya vifaa, elektrodi inayopatikana kwa wingi ni ya kundi la 6013, inayowaka kwa urahisi na kutoa mshono unaopendeza, ilhali kazi nzito ya chuma kinene huhitaji elektrodi za haidrojeni kidogo kama vile 7018. Hizi za pili lazima zitunzwe zikiwa kavu, kwa sababu unyevu ulioingia kwenye ganda hugeuka haidrojeni ndani ya chuma kinachoyeyuka, na haidrojeni hiyo inaweza kuleta ufa saa nyingi baada ya mshono kupoa. Mwambao wa Mbamba Bay una joto na unyevu wa ziwa, na Mbinga juu milimani ina ukungu na baridi ya asubuhi. Pakiti iliyofunguliwa Jumatatu na kuachwa rafuni haifai tena Alhamisi bila kukaushwa kwenye oveni yenye joto la nyuzi zipatazo 300 au zaidi za Selsiasi, nayo oveni hiyo haimo katika karakana nyingi. Je, anauliza Fundi, cheti cha mchomeleaji kitaikausha elektrodi?

"Ndugu Mkaguzi, tajiri anapokuja na tela saa kumi jioni na mzigo unasubiri Ntunduwaro, haulizi elektrodi. Anauliza bei na saa. Akiambiwa kesho, anavuka barabara kwa fundi wa pili."

Pingamizi la tatu ni la riziki. Wengi wa mafundi hawa walijifunza kwa kukaa na fundi mkubwa, wakishika koleo na kuchota slagi kwa nyundo ndogo kwa miaka kabla ya kuachiwa mashine. Sheria ikiwataka vyeti kesho asubuhi, itawafungia karakana bila kuwapa mahali pa kupimwa, na kazi itahamia uani, ambako hakuna mkaguzi atakayefika.

Mwalimu: kinachopimwa ni kipi?

Mwalimu anaona kwamba wawili hao wanabishana juu ya mambo matatu tofauti waliyoyaweka katika kapu moja. La kwanza ni utaratibu, yaani waraka unaoeleza aina ya chuma, elektrodi, kiasi cha umeme, maandalizi ya kingo na mpangilio wa mishono. Waraka huo huthibitishwa kwa kuchomelea kipande cha majaribio na kukipima nguvu, kama inavyoelekezwa katika kiwango ISO 15614. La pili ni mkono, yaani uwezo wa mtu kuufuata utaratibu huo bila kuacha kasoro, ambao kwa chuma huthibitishwa chini ya ISO 9606-1 au, kwa wanaofuata kanuni za Kimarekani, chini ya kitabu cha tisa cha kanuni za ASME. La tatu ni kazi iliyokamilika, ambayo hukaguliwa kwa macho kwanza, kisha ikibidi kwa rangi ya kupenya, kwa mawimbi ya sauti au kwa eksirei. Malalamiko ya Fundi kuhusu kutu na elektrodi mbichi ni ya haki, lakini yanahusu utaratibu. Mkaguzi naye anadai cheti cha mkono kitibu maradhi ya utaratibu, jambo ambalo cheti hakikuwahi kuliahidi.

Hata cheti cha mkono, anaeleza, ni chembamba kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa hakimtangazi mtu kuwa fundi bora wa kila kitu bali husema amethibitishwa kwa njia fulani ya kuchomelea, kwa bamba au bomba, kwa aina fulani ya mshono, kwa unene fulani na kwa mkao fulani. Aliyepimwa kwa elektrodi kwenye mshono wa kingo kwa kingo wenye unene wa milimita 6 anakubalika kwa unene wa milimita 3 hadi 12. Aliyepimwa bamba likiwa limelazwa hajathibitishwa kuchomelea juu ya kichwa chake, chali chini ya chasi, ambako chuma kilichoyeyuka hutaka kudondoka. Na tangu toleo la mwaka 2012, aliyefaulu mshono wa kingo kwa kingo hahesabiwi kuwa amefaulu mshono wa kona, mpaka afanye jaribio la nyongeza. Cheti hicho pia hufa kisipotumika, kwani kila baada ya miezi sita lazima msimamizi athibitishe kwa saini kwamba mwenye nacho bado anafanya kazi ya aina ile, na kwa njia mojawapo inayoruhusiwa jaribio hurudiwa kila baada ya miaka mitatu. Kwa hiyo cheti kilichotundikwa ukutani kwa miaka kumi bila saini ni pambo.

Kisha Mwalimu anageukia jambo ambalo, kwa maoni yake, pande zote mbili zimelisahau, nalo ni urahisi wa jaribio lenyewe. Watu wengi huamini kwamba mchomeleaji hapimwi bila eksirei, na kwa kuwa eksirei iko mbali na inahitaji leseni, huhitimisha kwamba Mbinga haiwezi kupima mtu. Kanuni hazisemi hivyo. Kwa mshono wa kingo kwa kingo unaofanywa kwa elektrodi, baada ya ukaguzi wa macho, mpimaji anaweza kuchagua picha ya mionzi au kupinda au kuvunja. Katika jaribio la kupinda, vipande vyembamba hukatwa kwa kukingama mshono, vikasagwa hadi uso wake uwe sawa, kisha kila kimoja huwekwa juu ya nguzo mbili na kusukumwa katikati na chuma cha duara mpaka kikunjike nyuzi 180, kimoja kikinyooshwa upande wa uso wa mshono na kingine upande wa mzizi wake, yaani sehemu ya chini kabisa ambako bamba mbili zilianza kukutana. Kama chini ya mshono chuma hakikuyeyukiana, mzizi hufunguka kama mdomo mbele ya macho ya mtahiniwa mwenyewe. Jaribio la mshono wa kona ni rahisi zaidi, kwa sababu kipande hupigwa mpaka kivunjike kwenye mshono, na uso uliovunjika husomwa ili kuona slagi, vitundu na mahali ambapo chuma hakikushikana.

"Kinachohitajika," anasema Mwalimu, "ni fremu nzito, jeki ya haidroli, msumeno, grenda, na mtu mwaminifu wa kusoma matokeo. Vitu vinne vya kwanza Mzee Fundi anavyo leo karakanani."

Kuhusu kujifunza kwa kukaa na fundi, Mwalimu anakumbusha kwamba Ruvuma si ngeni kwa ufundi uliopangwa. Karakana za abasia ya Wabenedikto ya Peramiho, misheni iliyoanzishwa mwaka 1898 katika njia ya kutoka Songea kuelekea Mbinga, zimefundisha wahunzi, maseremala na makanika kwa vizazi kadhaa. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, nayo ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa, ambapo fundi hupimwa kwa kazi anayoijua na kupewa cheti bila kurudishwa shule. Cheti hicho humtambulisha mtu kuwa ana ufundi; hakichukui nafasi ya jaribio la mshono maalumu, lakini ni mlango wa kuingilia kwa yule aliyeogopa kufungiwa nje.

Tajiri: nani atalipa?

Tajiri anaingia akiwa na mashaka ya mfuko. Anakubali kwamba mabomba ya mafuta ghafi ya kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, yenye urefu wa kilomita 1,443, hayawezi kuunganishwa na mtu asiyepimwa, kwa sababu mshono mmoja ukivuja hasara yake haina mwisho, na mwenye mradi ana fedha za kupima kila mkono na kila mshono. Lakini tela moja la mtu wa Mbinga halina fedha hizo. Akilazimishwa kutumia fundi mwenye cheti pekee, na mafundi hao wakiwa wachache, bei itapanda, gari litasimama siku tatu kungoja zamu, na nauli ya makaa, ambayo hupangwa na wenye mzigo wala si wenye magari, haitapanda hata senti.

Anapendekeza kwamba viungo vigawanywe. Mshono unaobeba uzito wote, kama pale tela linaposhikana na kichwa cha gari, uchomelewe na aliyepimwa. Vitu vidogo vya kando, kama ngazi ya dereva, kishikio cha taa au ndoano za kufungia turubai, viachwe kwa fundi yeyote. "Tukisema kila kitu ni hatari," anasema, "mwishowe hakuna kitu kitakachotendewa kama hatari."

Fundi anaunga mkono pendekezo hilo mara moja, na kwa muda mfupi inaonekana kwamba mjadala umepata mapatano yake. Kazi ndogo zibaki kwake, kazi kubwa ziwe za wenye vyeti, naye ajitahidi kukipata chake polepole.

Mkaguzi: udogo wa kipande si udogo wa kiungo

Mkaguzi ndiye anayevunja mapatano hayo, na hoja yake ndiyo nzito kuliko zote zilizotangulia. Anarejea tukio la tarehe 27 Machi 1980 katika Bahari ya Kaskazini, ambapo jukwaa la malazi ya wafanyakazi wa mafuta lililoitwa Alexander L. Kielland lilipinduka katika dhoruba na kuua watu 123 kati ya 212 waliokuwamo. Uchunguzi ulionyesha kuwa mguu mmoja wa jukwaa uling'oka baada ya kiunzi kimoja kilichoushika kukatika, na kwamba kukatika huko kulianzia kwenye mshono mdogo wa kona, wenye kimo cha milimita 6, uliochomelewa kushikilia kifaa cha kusikilizia sauti za chini ya maji. Kifaa hicho hakikubeba mzigo wowote wa jukwaa, na katika mawazo ya waundaji kilikuwa sawasawa na ndoano ya turubai. Mshono wake haukupenya vizuri na ulipata nyufa, na ndani ya ufa wachunguzi walikuta rangi, ishara kwamba ulikuwapo tangu karakanani, kabla jukwaa halijapakwa rangi na kupelekwa baharini.

Maana ya tukio hilo kwa Mbinga iko wazi. Chasi ya tela hufanya kazi kwa kupinda, na tela lililojaa likipita kwenye barabara ya vumbi, kila shimo huikunja na kuiachia tena. Ukingo wa chini wa boriti ya chasi huvutwa kila mara, na mahali palipochomelewa ndoano, pakiwa na mkato wa ukingo wa milimita moja, nguvu za mvuto hukusanyika hapo. Ndoano yenyewe haitavunjika kamwe, bali ufa utaondoka kwenye mguu wake, uingie kwenye boriti na kupanda polepole, huku ukifunikwa na vumbi la makaa na grisi, mpaka siku boriti itakapofunguka mteremkoni. Kwa hiyo daraja la kiungo huamuliwa na chuma kinachochomelewa juu yake, wala si na kile kinachochomelewa. Tajiri aliyedhani anaagiza ndoano alikuwa, bila kujua, anaagiza kazi juu ya kiungo kikuu cha tela lake.

Fundi ananyamaza kidogo, kisha anauliza swali linalougeuza mjadala. "Sawa, Ndugu Mkaguzi. Lakini fundi atajuaje kwamba ukingo ule ndio unaovutwa? Aliyejua uzito ni tajiri. Aliyejua mchoro ni kiwanda. Fundi ameonyeshwa ndoano na mahali pa kuiweka."

Mwalimu anakiri kwamba swali hilo halijibiwi na cheti chochote cha mchomeleaji. Jaribio hupima kama mkono unaweza kutoa mshono mzuri mahali ulipoelekezwa. Halipimi kama palistahili kuwekwa mshono. Mchomeleaji bora kuliko wote nchini angeweza kuiweka ndoano ile bila kasoro hata moja, na bado ukingo wa boriti ungekuwa dhaifu kuliko ulivyokuwa kabla hajaugusa, kwa kuwa badiliko la ghafla la umbo la chuma nalo hukusanya nguvu. Jibu sahihi lilikuwa kuifunga ndoano kwa bolti kwenye ubao wa juu wa bodi, au kuichomelea katikati ya kimo cha boriti, ambako mvuto na mgandamizo wa kupinda karibu hukutana na kufutana.

Uamuzi

Ikipimwa kwa hoja zilizotolewa, hoja ya awali haisimami jinsi ilivyowekwa. Haisimami kwa sababu humtwika mchomeleaji peke yake mzigo ambao yeye ni mtu wa mwisho kuubeba, na kwa sababu hukitegemea cheti kwa mambo ambayo waliokitunga hawakukusudia. Lakini msimamo wa Fundi na Tajiri wa kuachilia kazi ndogo nao hausimami baada ya hoja ya Kielland, kwa kuwa umeonyeshwa kwamba hakuna udogo wa kazi unaojulikana kwa kukitazama kipande peke yake.

Kinachobaki ni hoja nyingine, yenye uzito zaidi kuliko ile ya kwanza: kwamba mwenye kuagiza kazi ndiye alazimishwe kutaja daraja la kiungo kabla moto haujawashwa, na kwamba mkono unaohitajika ufuate daraja hilo. Kwa mwenye tela, hii ina maana ya karatasi moja inayoeleza aina ya gari, mzigo wake, sehemu ya chasi itakayoguswa, na sehemu zisizoguswa kamwe bila idhini ya mhandisi au kiwanda. Kwa mwenye chombo cha chuma ziwani, ina maana ya kutoongeza wala kukata kitu kwenye bamba la ubavu au boriti za ndani bila mkaguzi wa vyombo kujua, kwa kuwa mawimbi ya kusi, ambayo upande wa Malawi huitwa mwera, hukikunja chombo kama barabara mbovu inavyoikunja chasi. Fundi atakayepokea kazi bila karatasi hiyo atakuwa na haki, na baadaye wajibu, wa kuikataa.

Upande wa mkono, jaribio lisogezwe karibu na karakana. Fremu moja ya kupindia vipande, ikiwekwa katika chuo cha ufundi kinachofikika kutoka Mbinga na Mbamba Bay, na mpimaji aliyeidhinishwa akifika kwa ratiba inayojulikana, ingeondoa kisingizio cha umbali, huku picha za mionzi zikiachwa kwa meli, mitungi ya shinikizo na madaraja ya barabara. Kila fundi aliyefaulu apewe namba ya muhuri ya kugonga kando ya mshono wake, na daftari la kusainiwa kila miezi sita, ili mkaguzi anayekuta ufa ajue mshono ni wa nani, ulifanywa lini, na kwa elektrodi ipi. Namba hiyo humlinda fundi mwaminifu kuliko inavyomtisha, kwani leo mshono wake mzuri na mshono mbovu wa jirani huuzwa kwa bei moja, na ufa ukitokea wote wawili hulaumiwa pamoja.

Swali la Tajiri kuhusu malipo halijafutika, na pande nne hazikukubaliana juu yake. Mkaguzi angependa serikali igharimie majaribio ya kwanza. Fundi anataka gharama iingizwe katika bei ya kazi. Mwalimu anaona chuo kinaweza kubeba sehemu. Tajiri anaona anatozwa mara mbili. Hata hivyo, ikiwa ni kweli kwamba mwenye kuagiza ndiye ajuaye mzigo, ndiye apangaye safari, na ndiye anayevuna nauli chombo kikifika salama, basi gharama ya kuuthibitisha mkono unaokishikilia chombo hicho ni sehemu ya gharama za kukimiliki, sawa na matairi na bima, na anayeikwepa huwaachia waliomo barabarani na majini wailipe.